MREJESHO: Wino wa mhuri kufutika kwenye plastiki ya rangi za upinde wa mvua

Wakuu, niliuliza kwa nini wino unafutika na plastiki nyembamba inayong'aa inabanduka kwenye kadi ndogo za sanaa tunazotengeneza na kubadilishana (64 × 89 mm). Asanteni sana, kwa sehemu kubwa imekubali.

Wino wa maji haufai: plastiki hainywi. Nilifuata ushauri wa kutumia StazOn nyeusi (wino wa kutengenezea usio wa maji, unaoshika kwenye plastiki), ukakauka ndani ya dakika chache. Gonga wima, mara moja. Ukisukuma, mhuri unateleza. Gundi nyeupe nimeiacha, inakunja kadi na haishiki plastiki. Tepu ya pande mbili kwenye kingo inatosha. Aliyesema niweke karatasi nyeusi nyuma, ubarikiwe! Juu ya nyeupe rangi hupauka.

Njia ya kutoa mchoro kwa pasi imekubali nusu. Plastiki ya aina inayolainika kwa joto juu ya mhuri usio na wino, karatasi ya kuokea juu yake, pasi kwenye joto la hariri, sekunde 3: mchoro unatokea kwa mwinuko. Kati ya vipande 9, 4 viliharibika kwa kuzidisha sekunde; mng'ao ukipotea haurudi. Na mhuri uwe wa mpira, ule wa plastiki angavu utaharibiwa na joto.