Mrejesho: kuhuisha usajili wa mfamasia pointi za mafunzo zikiwa pungufu

Ndugu wanataaluma, narejea na mrejesho wa swali langu kuhusu kuhuisha usajili wa ufamasia huku pointi zangu za mafunzo endelevu, yaani zile tunazopata kwa kuhudhuria semina na kozi za taaluma, zikiwa hazijatimia. Nawashukuru nyote, hasa dada aliyenishauri nisiombe namba ya malipo kabla ya kuweka sawa kumbukumbu za mafunzo, kwa kuwa ushauri huo ndio ulionifaa zaidi. Nilivipandisha vyeti kimoja kimoja kwenye akaunti yangu ya Baraza la Famasi, chombo kinachotusajili wafamasia, na semina ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, niliyohudhuria Muhimbili, ikakubaliwa. Warsha nyingine niliyohudhuria Kariakoo ilikataliwa, kwani waandaaji hawakuwa wameiombea ithibati, yaani kibali cha kutambuliwa kuwa mafunzo yenye pointi. Muhuri kwenye cheti, hata uwe mkubwa namna gani, haukusaidia kitu. Pengo nililiziba kwa kozi ya mtandaoni yenye ithibati, inayohusu ufuatiliaji wa madhara ya dawa, ndipo nikalipa ada kwa simu na usajili ukahuishwa. Barua ya kudai nirudishiwe kiingilio cha warsha hiyo ya Kariakoo, ambayo kaka mmoja alipendekeza niiandike, haijajibiwa hadi leo.