Mdogo wangu anabeti kwa mkopo wa simu, hivi sheria inasemaje hapo?

Kaka_Nkuhungu: Wakuu kwema? Niko Dodoma, mdogo wangu ni bodaboda kijiwe cha Sabasaba. Alianza na mkeka (tiketi ya kubeti) wa buku wikiendi, Simba na Yanga na mechi za Ulaya, nikaona utani tu. Sasa hivi ni kile kimchezo cha kubeti cha kindege kwenye simu, saa nane usiku kajifunika shuka simu inammulika usoni, hela ikiisha anakopa humohumo kwenye simu anaendelea, juzi hesabu ya bosi ya siku tatu imeliwa na pikipiki imechukuliwa. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kazi yake ni leseni tu ama kuna sehemu inamlinda mtu kama huyu?

mzee_wa_zabibu: Sheria ipo tangu 2003 mkuu na chini ya miaka 18 marufuku. Sasa pita mtaani kwetu uone madubwi, zile mashine za kamari za sarafu, dogo ana sare ya shule anatumbukiza mia mia na mwenye duka anamchenjia sarafu 😂

Chuma_cha_Reli: Mnalaumu serikali kwani nani kamshika mkono? Mi nabeti mwaka wa sita, nikichaniwa mkeka nalala.

sista_wodini: @Chuma hongera, ila sio wote. WHO wanautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa kabisa, upo kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Kufukuzia hela iliyoliwa, kuongeza dau, kudanganya ndugu, ndo dalili zenyewe hizo. Kaka mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, najua hapa Dom ukitaja Mirembe watu wanacheka eti umerukwa akili, waache wacheke.

Mgogo_Halisi: Point ni huo mkopo. Uingereza walipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo Aprili 2020, na mwaka mmoja kabla ya hapo mashine za kamari za madukani dau la juu wakalishusha toka pauni 100 hadi 2. Kwetu shida mkopo ukishaingia kwenye simu unachanganyika na hela ya mboga, utaujuaje? Labda wabane kasi na dau la usiku. Si anaweza kuomba afungiwe akaunti?

Kaka_Nkuhungu: Alifungiwa kampuni moja, jioni yake kajisajili nyingine. Sista asante, Jumatatu tunaenda. Laini yake ninayo mimi tangu jana, leo kaja mara mbili kuidai, anasema kuna abiria atampigia. Na pikipiki hana.