Mrejesho: tulipiga 211, na mama amejieleza mwenyewe

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliwauliza ni wapi hapa Columbus, Ohio, mama yangu, aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na asiyejua Kiingereza, angepata chakula cha msaada na usafiri wa kwenda kliniki. Nawashukuru sana mlionielekeza 211, namba ya simu iliyotengwa Marekani tangu mwaka 2000 kwa kuwaelekeza watu kwenye huduma za msaada. Mpokeaji aliuliza msimbo wa posta, kisha lugha. Tukasubiri kidogo, na mkalimani alipoingia kwa "Shikamoo, mama", mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaeleza kila kitu, hata habari ya miguu kuvimba ambayo mimi mwanawe alikuwa amenificha. Tumeelekezwa kituo cha karibu kinachogawa chakula; usafiri bado tunaufuatilia.