Mume kafa kwenye tope la Hanang, sasa mdogo wake anataka shamba na mjane juu. Naombeni ushauri

Binti_wa_Babati:
Wakuu habari zenu, naandika kwa niaba ya dada angu yupo Katesh. Lile tope la Desemba 3, 2023 lilimchukua mume wake, na genge la dada likafukiwa lote, nyanya, vitunguu, mpaka mzani. Kabaki na watoto watatu na dera alilokuwa kavaa. Kule shuleni walikohifadhiwa misaada ilikuja, unga maharage mablanketi, ila pedi na nguo za ndani ndo alikuwa anaona aibu kuomba maana anayegawa ni mwanaume na foleni yote inasikiliza. Hayo yamepita. Sasa hivi mdogo wa marehemu anasema shamba ni la ukoo na dada ahamie kwake "atunzwe", mnaelewa maana yake. Cheti cha ndoa kilienda na tope. Na kikoba chao, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, wanadai marejesho yao. Aanzie wapi?

Mzee_Kijiko:
Poleni sana. Ila mila ndo zilivyo, akubali tu watoto wasije wakatawanyika.

Wakili_Uchwara:
Mzee hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 68 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa na anayemtaka au asiolewe kabisa, mila iseme isiseme. Dada afuatilie cheti cha kifo RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kile kibali cha mazishi asikitupe. Kisha kikao cha familia, muhtasari uandikwe na yeye awepo, halafu aende Mahakama ya Mwanzo kuulizia mirathi. Shemeji akimtangulia kufungua, aweke pingamizi mapema. Na ASISAINI karatasi yoyote anayoletewa nyumbani jioni jioni.

mama_K:
Ndoa ilifungwa wapi? Kama kanisani daftari lao linakuwepo, aombe nakala. Kikoba aende mwenyewe kwenye mkutano asijifiche, wale ni wanawake wenzie na wengine nao walifukiwa, sisi baada ya mafuriko tulikubaliana mtu alipe mtaji tu, riba ikasimama.

Binti_wa_Babati:
Asanteni jamani. Ndoa ya kanisani, kesho nampigia katekista. Kuna na mkopo mwingine wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, hao wameshika kadi yake ya benki na wanampigia mpaka saa nne usiku.

Wakili_Uchwara:
Waulize leseni ya BoT (Benki Kuu) iko wapi, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 kukopesha bila leseni ni kosa. Namba ya siri abadilishe leo leo benki. Aende na ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri, wamuunganishe na msaidizi wa kisheria, hao ni bure.

Mzee_Kijiko:
Hiyo ya kifungu 68 sikuijua aisee. Ila huyo shemeji mumwite kikaoni kwa heshima, shamba linapakana na lake, watakutana kila msimu.