Mjadala: Je, ni haki kuiita Manzese "makazi holela"?

Mchangiaji aliyeanzisha mjadala huu anashikilia kuwa tusione haya kuziita Manzese, Tandale na Buguruni, mitaa ya Dar es Salaam, "makazi holela", kwa sababu nyumba zimebanana hadi gari la zimamoto halipiti, na kubadilisha jina hakuchimbi mtaro. Hoja ya zimamoto naikubali bila kusita. Hiyo ya jina naipinga.

Holela ni jambo lisilo na utaratibu. Ununuzi wa kiwanja katika mitaa hiyo, hata hivyo, una utaratibu ambao mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaujua: muuzaji na mnunuzi hukutana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, majirani wa kila upande huitwa waonyeshe mipaka, mashahidi hutia saini hati ya mauziano, na mara nyingi ofisi hudai chochote chake. Kinachokosekana ni upimaji, na upimaji haujawahi kuwa kazi ya mkazi. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama, huku Manzese ikiboreshwa bila kubomolewa. Baada ya hapo jiji likakua kwa kasi ambayo wapimaji hawakuifikia. Mwaka 2004 Serikali hiyohiyo ikaanza kuwapa wenye nyumba hizo leseni za makazi. Mvamizi hapewi leseni.

Wapo waliopendekeza "mitaa ya mabanda", kama vyombo vya habari vya Kenya vinavyosema juu ya Kibera na Mathare. Huko jina hilo linataja kuta za mabati na udongo, ingawa nalo halisemi kwamba Wanubi wa Kibera, walioishi pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Manzese nyumba nyingi ni za tofali za saruji, vyumba vikitazamana ukumbini. Kuziita mabanda ni kusema uongo.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka, ardhi inapotwaliwa, fidia kamili, ya haki na ya haraka hata kwa mtu ambaye ukaaji wake wa muda mrefu unatambuliwa. Neno "holela" linamvua mkazi utambuzi huo kabla mthamini hajafika mlangoni, ndiyo maana naomba magazeti na ofisi za umma ziandike "makazi yasiyopimwa", ili anayesoma aulize ni nani hakupima.