Tupeane uzoefu: moduli uliyoiandika mwenyewe iligoma kuitika, ukatokaje?

Mwenye uzi
Wakuu, habari za kazi. Naomba tukusanye visa vya jambo moja tu: umeandika moduli yako (faili la msimbo linaloitwa na mafaili mengine) kwenye lugha ya Python, faili unaliona kwa macho, halafu programu inakujibu ModuleNotFoundError, yaani moduli haikupatikana. Naanza na changu.

Nilikuwa na folda ya mradi, shule, na ndani yake folda mbili: alama na ripoti. Kwenye ripoti kulikuwa na faili muhula.py, na mstari wake wa kwanza ni huu:

`from alama.wastani import kokotoa`

Nikiwa ndani ya shule, naandika `python ripoti/muhula.py`. Inagoma: No module named 'alama'. Nikahamisha mafaili, nikabadili majina, nikafuta na kuandika upya. Siku mbili ziliishia hapo. Kilichonitoa ni mistari miwili niliyoiweka juu kabisa ya faili:

`import sys`
`print(sys.path)`

Ikatoka orodha ndefu ya mahali Python inapotafuta moduli, na pa kwanza palikuwa shule/ripoti. Kumbe ukiendesha faili moja kwa moja, utafutaji unaanzia kwenye folda la faili lenyewe, hata kama wewe umesimama kwingine. Ndani ya ripoti hakuna alama, kwa hiyo ilikuwa inaniambia kweli tupu. Nikabaki pale pale shule, nikaandika `python -m ripoti.muhula`, nukta badala ya mkwaju na bila .py. Ikaitika mara moja, kwa sababu ukitumia -m nafasi ya kwanza inashikwa na folda uliyosimama. Tangu hapo, likinikuta kosa la namna hii, sigusi kitu kabla sijachapisha sys.path.

Mchangiaji wa 2
Langu ni jina. Faili langu la mazoezi niliita random.py. Kila faili jirani likisema `import random` linapata la kwangu, na randint, ile kazi ya kutoa namba ya bahati nasibu, haimo humo. Kwa kuwa folda yako inatangulia kwenye orodha, la kwako linaifunika moduli ya Python yenyewe. Nilibadili jina, basi. Kuanzia toleo la 3.13 ujumbe wa kosa unakushauri wenyewe ubadili jina la faili. Wanaoanza sasa wamepata nafuu kubwa.

Mchangiaji wa 3
Mimi zilinisumbua nukta. Niliandika `from .wastani import kokotoa`, nikaendesha faili hilo hilo, nikapata "attempted relative import with no known parent package". Nukta maana yake ni "kifurushi nilichomo", yaani folda la moduli lililonibeba. Ukiendesha faili moja kwa moja, Python inaliita `__main__` na halihesabiki tena kuwa ndani ya kifurushi, kwa hiyo nukta haina pa kuelekeza. Siku hizi mafaili ya ndani siyaendeshi kabisa. Naweka main.py juu ya mradi, hilo ndilo linaloita mengine.

Mchangiaji wa 4
Samahani wakuu, na `__init__.py`, lile faili linaloonyesha kuwa folda ni kifurushi, bado ni lazima? Wengine wanasema ilishapitwa na wakati.

Mchangiaji wa 5
Ndugu, tangu Python 3.3 ya mwaka 2012 folda linakubalika bila hiyo. Ila mimi naiweka kila folda, na sababu ninayo. Nilitengeneza maktaba ndogo ya timu yetu, kwangu ikafanya kazi vizuri. Tukaisakinisha kwenye seva, folda moja zima halikuwamo. Nilitumia `find_packages()` ya setuptools (zana ya kuandaa maktaba isakinishwe), nayo inaruka folda lisilo na `__init__.py`. Faili tupu tu, lakini wenzangu walikaa hadi usiku wakisubiri.

Na tafadhali, tuache tabia ya `sys.path.append` yenye njia ya kompyuta yako. Ikihamia kwa mwenzako inakufa. Tengeneza mazingira pepe (Python ya mradi huo peke yake), weka pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi, kisha `pip install -e .` mara moja. Baada ya hapo unaita moduli zako ukiwa folda lolote, na ukibadili faili mabadiliko yanaonekana bila kusakinisha upya.

Mchangiaji wa 6
Kuna la kuzungukana pia. alama inaita ripoti, ripoti inaita alama, unakutana na "partially initialized module". Kazi iliyokuwa ikitakiwa na pande zote mbili niliihamishia kwenye faili la tatu, pamoja.py, na ugomvi ukaisha.

Mchangiaji wa 4
Nashukuru sana, ndugu. Nimeongeza `__init__.py` na folda limeonekana. Limebaki moja: natumia Jupyter (daftari la kuendesha Python kipande kwa kipande), nabadili moduli, lakini inaendelea kuleta majibu ya zamani.

Mwenye uzi
Hiyo ni kawaida. Moduli ikishaingizwa inahifadhiwa kwenye `sys.modules`, kurudia import hakuisomi upya. Tumia `importlib.reload(wastani)`. Lakini kama uliichukua kokotoa kwa `from`, irudie na hiyo `from` baada ya reload, la sivyo utabaki na ile ya zamani. Jaribu, utujulishe.