Mrejesho: zile nyanya zangu za Ruai zilizokuwa zikinyauka

Habari zenu wakulima wenzangu. Niliuliza kwa nini nyanya zangu hapa Ruai zinanyauka mchana, jioni zinainuka kidogo, mwisho zinakufa. Mmoja wenu akaniambia nikate shina, nilining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Kama ni bakteria nitaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Nilikodoa macho dakika kumi nzima, maji yakabaki vilevile. Ila ndani ya shina palikuwa na mistari ya kahawia. Basi tukakubaliana ni fuzariamu, kuvu wa udongoni.

Nikanunua trikoderma, yule kuvu rafiki anayekaa mizizini na kuwashambulia kuvu wabaya. Mara ya kwanza nilijiharibia mwenyewe: nilimchanganya na dawa ya ukungu kwenye pampu moja. Dawa ya kuua kuvu, na yeye ni kuvu! Pesa ikaenda hivyo.

Mara ya pili nilimchanganya na samadi iliyoiva, nikatia mashimoni jua likishazama, nikamwagilia, nikapanda. Kati ya miche 60, imenyauka 9. Msimu uliopita nilipoteza zaidi ya nusu. Sisemi ni trikoderma peke yake, maana pia nilihamia kona nyingine ya shamba. Na zile zilizokuwa zimeshaugua hazikupona hata moja, niling'oa nikachoma.

Sasa ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, umeanza kwenye majani. Mnaotumia mafuta ya mwarobaini, mnanyunyiza kila baada ya siku ngapi?